Mto Tunaoupima Jua Likiwaka

Tulikuwa tumemaliza kubandika ukutani jedwali la vipimo vya maji ya mto wetu wa mlimani pale bibi mmoja aliponyoosha mkono. Ulikuwa mkutano wa kawaida wa jumuiya ya watumia maji. Jedwali lilikuwa na safu za tarehe, jotoridi, pH (kipimo cha asidi), oksijeni, tope na nitrati (kirutubisho kama kilichomo kwenye mbolea), na karibu kila kisanduku kilipakwa kijani, rangi ya hali nzuri.

"Mwanangu," akaniambia, "hivi nyie mtoni huwa mnakwenda saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba ni asubuhi, kati ya saa nne na saa sita.

"Na mvua ikinyesha?"

Nikamweleza kwamba mvua ikinyesha hatuendi. Njia zinateleza, na mto wa milimani unaweza kujaa ghafla hata kama mahali uliposimama hakuna tone lililodondoka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi, mwanangu, mto mnaoupima sio tunaoutumia sisi. Sisi tuna ule wa usiku na ule wa mvua."

Hakuna aliyebisha. Mwenyekiti akapita kwenye ajenda inayofuata.

Mimi nilibaki palepale.

## Namba za kweli

Kilichonisumbua kwa wiki kadhaa baada ya siku ile ni kwamba jedwali halikuwa na uongo. Vifaa vilisahihishwa kabla ya kila safari. Chupa zilisuuzwa kwa maji ya mto wenyewe, mchukuaji akisimama upande wa chini wa mkondo na mdomo wa chupa ukielekea maji yanakotoka, ili tope linalotibuliwa na miguu yake lisiingie. Sampuli za bakteria zilichukuliwa kwa chupa zilizotakaswa, ambazo hazisuuzwi kamwe, zikawekwa kwenye barafu gizani na kufikishwa maabara mapema. Ningeweza kuitetea kila namba mbele ya yeyote.

Lakini bibi hakuuliza kama namba ni za kweli. Aliuliza ni za mto gani.

Mto mkubwa wa nyanda za chini hubadilika polepole. Ukiupima leo na ukarudi kesho kutwa, mara nyingi utaukuta palepale. Kijito cha mlimani hakiko hivyo. Kidakio chake, yaani eneo linalokikusanyia maji, ni kidogo, miteremko ni mikali, na udongo wa juu ni mwembamba. Mvua ikipiga kileleni alasiri, maji yanaweza kufika kwenye daraja la chini kabla ya giza, yakiwa ya kahawia, yamebeba udongo, majani, samadi na chochote kilichokuwa kimelala juu ya ardhi. Kesho yake saa nne asubuhi, sisi tukifika na mabegi yetu, maji yameshaanza kung'aa tena.

Wakati ambapo hakuna mvua, maji yanayotiririka katika kijito kama hicho yanatoka ardhini. Ni mvua ya wiki au miezi iliyopita, iliyozama, ikapita kwenye udongo na nyufa za miamba, ikachujika, ikatokeza pole pole kwenye kingo. Ni maji mazuri, na ni muhimu sana kuyajua: ndiyo yanayoushikilia mto hai wakati wa kiangazi, na ndiyo yanayoonyesha kama nitrati zinapenya hadi chini au kama mgodi uliotelekezwa unavujisha asidi. Hata hivyo, mtu anayekwenda mtoni siku za jua peke yake amejipangia kukutana na maji hayo tu. Yale yanayopita juu ya ardhi na kukimbilia mtoni ndani ya saa chache hatayaona hata akipima miaka kumi.

Jedwali letu la kijani lilikuwa taarifa nzuri kuhusu hali ya chemchemi. Kuhusu mto, lilikuwa nusu ya habari, tena ile nusu tulivu.

## Hesabu ya saa moja

Nilikaa nikapiga hesabu rahisi, ili nijue kama wasiwasi wangu una uzito au ni maneno tu.

Chukua kijito chenye maji lita 100 kwa sekunde siku ya jua, kikiwa na miligramu 20 za mashapo, yaani chembe za udongo, katika kila lita. Kinasafirisha gramu 2 za udongo kwa sekunde. Kwa siku nzima hiyo ni karibu kilo 173.

Sasa chukua kijito hichohicho kikiwa kimejaa kwa mvua: lita 3,000 kwa sekunde, na miligramu 2,000 za mashapo kwa lita. Namba hizi ni za mfano, lakini si za ajabu kwa mto wa mlimani. Hapo kinabeba kilo 6 kwa sekunde. Kwa saa moja ni zaidi ya tani 21.

Saa moja ya mvua imebeba udongo wa siku 125 za jua.

Niliirudia hesabu mara kadhaa nikidhani nimeteleza mahali. Sikuwa nimeteleza. Siri iko kwenye kuzidisha: mvua huongeza wingi wa maji na wakati huohuo huongeza uchafu ndani ya kila lita. Mzigo wa mto ni zao la hayo mawili, kwa hiyo ukipanda hupanda kwa kishindo. Ndiyo sababu kwenye mito mingi ya milima sehemu kubwa ya mashapo ya mwaka mzima husafirishwa katika siku chache. Fosforasi inayong'ang'ania chembe za udongo husafiri nayo. Bakteria wa kinyesi nao hupanda, wengine wakisombwa kutoka mashambani na vyooni, wengine wakifukuliwa kutoka kwenye matope ya sakafu ya mto walikokuwa wametulia.

Kwa maji ya kunywa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba bakteria aina ya E. coli wasipatikane kabisa katika sampuli ya mililita 100. Mama anayechota maji jioni ya mvua hana nafasi ya kusubiri wastani wetu wa mwezi.

## Kabla ya alfajiri

Neno la pili la bibi lilikuwa "usiku", na hilo lilinichukua muda zaidi kulielewa.

Mchana, mwani na mimea ya majini hutumia mwanga na kutoa oksijeni. Usiku haitoi, ila yenyewe pamoja na bakteria wanaoozesha taka huendelea kuitumia. Hivyo oksijeni katika maji yenye rutuba nyingi hupanda mchana na kushuka usiku, na kiwango cha chini kabisa huwa karibu na mapambazuko. Anayepima saa tano asubuhi anakuta mto umeshaanza kupata nafuu.

Kuna utata hapa ambao ni wa milimani hasa. Maji yanayoporomoka juu ya mawe hujichanganya na hewa kwa nguvu sana, kiasi kwamba oksijeni hujazwa upya karibu papo hapo. Ukipima kwenye maporomoko utapata jibu zuri hata kama maji yana taka nyingi. Ili uone shida, inabidi ushuke hadi mahali mto unapotulia, kwenye vidimbwi virefu na sehemu za tambarare, na uende wakati kila mtu amelala.

Tulikwenda. Tulichagua sehemu tulivu chini ya makazi, karibu na njia nzuri, tukiwa watu wanne na taa za kichwani, usiku usio na dalili ya mvua. Kifaa kilionyesha oksijeni chini sana ya ile ya mchana wa siku iliyotangulia, mahali palepale. Haikuwa chini kiasi cha kuua samaki. Ila tofauti yenyewe ilikuwa kubwa, na tofauti kubwa kati ya mchana na usiku ni dalili kwamba mto unalishwa virutubisho kupita kiasi. Dalili hiyo jedwali letu lisingeweza kuionyesha hata siku moja, maana lilikuwa na saa moja tu ndani yake.

Nikiwa kwenye oksijeni, niseme na hili kwa sababu nimeona linachanganya watu wengi. Namba ya miligramu kwa lita haisomeki vizuri bila kujua jotoridi na mwinuko. Maji ya nyuzi 15 za Selsiasi usawa wa bahari hushika oksijeni karibu miligramu 10 kwa lita yakishiba. Maji ya jotoridi hilohilo mwinuko wa mita 2,000 hushiba kwenye karibu miligramu 8, kwa kuwa kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, huko juu ni pungufu kwa takriban moja ya tano. Kwa hiyo 8 ya juu ni mto ulioshiba oksijeni, na 8 ya pwani ni mto uliopungukiwa. Asilimia ya kushiba ndiyo ilinganishwe, na kifaa kiambiwe kanieneo ya hewa ya mahali kilipo. Hivyohivyo kwa uwezo wa maji kupitisha umeme: hupanda kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, ndiyo maana husahihishwa hadi nyuzi 25. Bila usahihisho huo, kijito cha barafu na kijito cha bondeni vitaonekana na chumvi tofauti hata kama chumvi ni ileile.

## Wakazi wa chini ya mawe

Mtu wa kwanza kuunga mkono wasiwasi wa bibi hakuwa mwanakemia. Alikuwa kijana wetu wa kupima wadudu.

Kazi yake ni kugeuza mawe. Anashika wavu chini ya mkondo, anasugua jiwe kwa mkono na kutibua changarawe kwa mguu, kisha anamwaga alichokipata kwenye sinia jeupe. Kuna viluwiluwi vya aina nyingi humo. Wapo wenye mikia miwili na kucha mbili kwenye kila mguu, ambao hawavumilii maji machafu hata kidogo. Wapo wenye mikia mitatu, kwa kawaida, na mashavu ya kupumulia yanayopepea ubavuni mwa tumbo. Wapo wanaojijengea nyumba ya chembe za mchanga na kutembea nayo. Na wapo vijiminyoo vyekundu, wekundu wao ukitokana na damu inayoshika oksijeni hata ikiwa haba, ambavyo hustawi mahali wengine wameshindwa.

Uzuri wa viumbe hawa ni kwamba wao hawana ratiba ya safari. Wako mtoni usiku, wako mtoni mvua ikipiga, wako mtoni siku ambayo mtu amesafisha bomba la dawa ya shambani kwenye kijito. Baadhi yao hukaa majini miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka, kabla ya kuota mabawa. Kwa hiyo ukiwahesabu leo unasoma yaliyotokea kipindi chote hicho.

Wazo hili si geni. Wajerumani Kolkwitz na Marsson walishapanga viumbe wa majini kwa uvumilivu wao wa uchafu mwanzoni mwa karne ya 20. Afrika Kusini wakaja na mfumo wao wa alama unaoitwa SASS, na kwa Tanzania ukatengenezwa TARISS, uliochapishwa 2015, unaozingatia viumbe wa mito ya huku. Upo pia miniSASS, wenye makundi 13 tu, ambao hata wanafunzi wa shule wanaweza kuutumia baada ya mafunzo mafupi.

Kijana wetu alikuwa ameandika kwa muda mrefu kwamba kwenye kituo chetu cha tatu cha kupimia wale wa mikia miwili wametoweka na mianya kati ya mawe imezibwa na mchanga laini. Alikuwa ameandika kwenye daftari lake. Jedwali la ukutani halikuwa na safu ya wadudu, kwa kuwa fomu tuliyopewa haikuwa nayo.

Nilipolifungua daftari lile nikalisoma ukurasa kwa ukurasa, shaka yangu iligeuka kuwa hakika. Kemia ya saa nne asubuhi ilisema kituo cha tatu ni kizima. Wanaoishi pale walikuwa wamekwisha kuhama au kufa.

## Kijani cha nani

Sisemi kwamba fomu ni mbaya. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa 2015 yana kiashiria namba 6.3.2, kinachouliza ni sehemu gani ya mito, maziwa na maji ya ardhini iko katika hali nzuri. Kwa mito huangaliwa makundi matano: oksijeni, chumvi, nitrojeni, fosforasi na asidi. Vipimo vikifikia malengo kwa asilimia 80 au zaidi, mto huhesabiwa kuwa mzuri. Kwa nchi ambayo haijawahi kuwa na takwimu zozote, huo ni mwanzo wa maana, na nauheshimu.

Lakini asilimia 80 ya nini? Kama vipimo vyote vimechukuliwa siku za jua saa za kazi, asilimia hiyo inaweza kufikiwa na mto ambao kila msimu wa mvua unawanywesha watu matope. Kanuni haijavunjwa na hakuna aliyedanganya. Ratiba imeshaamua jibu kabla chupa haijaguswa.

## Saa 7 na saa 24

Nilianza kutafuta waliowahi kupambana na swali hili, na nikakutana na mifano miwili ambayo nimeipenda kwa sababu inavutana.

Kwanza ni Plynlimon, kwenye milima ya Wales. Huko watafiti waliamua kuchukua sampuli za kijito kila baada ya saa 7. Kwa nini 7, na si 6 au 12 ambazo ni rahisi kukumbuka? Ukipima kila baada ya saa 6 utarudi kila siku kwenye saa zilezile nne. Ukipima kila baada ya saa 7, saa ya kupima inasogea. Baada ya sampuli 24 umepita kwenye kila saa ya siku, na hapo wiki moja kamili imetimia. Nilifurahi sana nilipolielewa hilo. Mtu alikaa akafikiri namna ya kutompa mto nafasi ya kujificha.

Pili ni Hubbard Brook, kwenye milima ya New Hampshire huko Marekani. Tangu 1963 Gene Likens, Herbert Bormann na wenzao walianza kupima mvua na vijito vya mabonde madogo ya msitu, mara moja kwa wiki, bila kukoma. Mara moja kwa wiki tu! Na kutokana na utaratibu huo ulitokea ushahidi mkubwa kuhusu mvua ya asidi, ile inayoletwa na moshi wa viwanda, Amerika Kaskazini; makala yao ya kuitangaza ilitoka 1972. Bonde moja lilipokatwa miti yote majira ya baridi ya 1965 kuingia 1966, nitrati kwenye kijito chake ziliruka mara nyingi zaidi ya zile za bonde jirani lililoachwa na msitu. Miongo kadhaa baadaye, kumbukumbu hizohizo zikaonyesha kwamba asidi ilikuwa imeuibia udongo kalisi, na kwamba kupunguza moshi wa viwanda peke yake hakurudishi kilichopotea kwa haraka.

Kwa hiyo nilikuwa na shule mbili mbele yangu. Moja inasema pima mara nyingi, usiku na mchana. Nyingine inasema pima vilevile, palepale, kwa miaka mingi, wala usibadilishe.

Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba hazigombani. Hubbard Brook waliuliza swali la miongo, kuhusu kemia iliyoyeyuka ambayo haiyumbi sana, na walikuwa na vizingiti vya kupimia maji vilivyoandika mtiririko muda wote, hata wapimaji wakiwa wamelala. Sisi tulikuwa tunaulizwa swali la saa, kuhusu tope na kinyesi, na hatukuwa hata na ubao wa kusomea kina.

## Je, tuivunje rekodi?

Hapa ndipo tulipobishana kweli.

Upande mmoja ulitaka ratiba ibadilishwe mara moja, twende mvua ikinyesha. Upande wa pili ulikuwa na hoja ambayo sikuweza kuipuuza: tukibadilisha saa ya kupima leo, mwakani tope litaonekana limepanda, na mtu atatangaza kwamba mto umeharibika ghafla, ilhali kilichobadilika ni sisi. Miaka ya kumbukumbu ingekosa maana kwa uamuzi wa alasiri moja.

Mimi niliegemea upande wa kwanza mwanzoni, kisha nikayumba. Rekodi ndefu ni kitu adimu katika mabonde mengi, na kinachoifanya iwe na thamani ni uvumilivu wa kufanya jambo lilelile hata linapochosha.

Tulikubaliana hivi: ratiba ya zamani ibaki kama ilivyo, saa nne hadi saa sita, mwezi hadi mwezi. Pembeni yake lifunguliwe daftari la pili, la mvua na usiku. Madaftari hayo mawili yasichanganywe katika wastani mmoja hata siku moja. Na kila namba iandikiwe saa, kina cha maji na hali ya mvua ya siku mbili zilizotangulia, kwa kuwa namba isiyo na kina cha maji haijulikani ni ya mto upi kati ya ile miwili.

Sharti la mwisho lilitoka kwa mwenyekiti, na lilipita bila kura: hakuna anayeingia majini mto ukiwa umepanda. Hakuna sampuli yenye thamani ya mtu.

## Chupa kwenye nguzo

Sasa unapimaje mafuriko bila kuyaingia?

Njia tuliyoichagua ni ya zamani na ya bei ndogo. Unasimika nguzo imara kando ya mkondo, unaifunga chupa kadhaa, moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa na mpira mwembamba wa kuingizia maji na mwingine wa kutolea hewa. Mto ukipanda hadi kwenye chupa ya kwanza, inajaa na kujifunga yenyewe. Ukiendelea kupanda, inajaa ya pili, kisha ya tatu. Asubuhi unakuta mafuriko ya usiku yamepangwa kwa ngazi. Maji hayo huchujwa, karatasi ya chujio hukaushwa na kupimwa uzito, na tope linapata namba yake. Kwa bakteria chupa hizi hazifai, maana maji hukaa humo kwa saa nyingi kwenye joto.

Udhaifu wake ni kwamba hunasa mto unapopanda tu. Unaposhuka, mtu inabidi ashushe ndoo kwa kamba akiwa juu ya daraja la waenda kwa miguu. Tukapiga pia alama za kina kwenye nguzo ya daraja, na kupima kasi ya mkondo kwa kuachia kipande cha mti na kukihesabia muda kwenye umbali uliopimwa, tukizidisha kwa 0.85 hivi kwa sababu maji ya usoni hukimbia kuliko wastani wa mto mzima.

Mvua za kwanza zilipokuja, tulilinganisha kupanda na kushuka. Kwa kina kilekile cha maji, tope lilikuwa zito zaidi mto ukipanda kuliko ukishuka. Mara nyingi maana yake ni kwamba chanzo kiko karibu: udongo unafika mapema, unaisha, na maji ya baadaye yanakuja mepesi. Kama udongo ungetoka mbali huko juu, ungechelewa.

Hilo lilitushtua. Kwa miaka watu wa chini waliwalaumu wakulima wa juu kabisa, na wakulima walishazoea kuitwa wachafuzi kwenye kila kikao. Tukasogeza nguzo: moja juu ya makutano, moja chini yake, moja kwenye kijito cha pembeni ambacho kiangazi hukauka kabisa na hakikuwa kwenye ramani yetu ya vituo.

Kijito hicho kikavu ndicho kilichotoa tope zito kuliko yote.

Tulikifuata kwa miguu siku ya jua. Kilianzia kwenye kalvati la barabara ya udongo. Mtaro wa barabara ulikuwa umekusanya maji ya mteremko mrefu mno bila mahali pa kuyapunguzia njiani, ukayamwaga yote sehemu moja, na maji yakachimba korongo mpaka mtoni. Mashamba yalikuwepo, na yanachangia kwa sehemu yake. Kwenye chupa za juu ya makutano udongo wake unaonekana. Ila kituo cha tatu, kile kilichopoteza wale wa mikia miwili, kiko hatua chache chini ya mdomo wa korongo lile.

Niliwaza sana jinsi tulivyokaribia kutumia msimu mzima kuwahubiria wakulima, na barabara ikaendelea kumwaga udongo kila usiku wa mvua.

## Kilicho mezani sasa

Tumepeleka namba hizi kwa wahusika wa barabara, zikiwa na kina, saa na picha za korongo. Tunachoomba ni cha kawaida katika ujenzi wa barabara za milimani: mitaro ya kutolea maji pembeni kila baada ya umbali mfupi, ili yamwagike kidogo kidogo kwenye majani, na mawe ya kuvunja kasi kwenye mdomo wa kalvati. Majibu bado.

Safu ya wadudu imeongezwa kwenye jedwali la ukutani, kwa kalamu ya mkono hadi fomu mpya ichapishwe. Daftari la pili liko mikononi mwa watu wawili wanaoishi karibu na daraja, ambao hawahitaji kusafiri ili wajue kama mto umepanda.

Lililobaki gumu ni bakteria wa mvua. Sampuli ifike maabara ikiwa baridi, ndani ya saa chache, na mvua zetu hupiga jioni wakati maabara imefungwa. Tunafikiria kufundisha mtu mmoja kupima palepale kwa kutumia kiotamio kidogo kinachoshika joto sawasawa usiku kucha, na mjadala wa wiki hii ni kitalazwa kwa nani, kwenye nyumba ipi yenye umeme usiokatika.